Jua Una Shilingi Ngapi Kweli: mwongozo kamili wa kufuatilia akiba na mali zako ukiwa Dar na maisha yakiendelea

Mi hesabu zangu nazifanya usiku wa kuamkia mshahara. Sio siku mshahara umeingia, hapana, ni ule usiku wa mwisho ambapo akaunti imekauka na kwenye laini kumebaki hela ya nauli na mboga. Wengi wanapima siku ya mshahara ndo maana wanajiona wako vizuri, na siku hiyo hata mimi niko vizuri, ila sehemu kubwa ya ile hela inapita tu kwenda kwa mwenye nyumba, shule, LUKU, kikoba na mama kijijini. Kina cha kisima kinajulikana kiangazi.

Nilijifunza hili Desemba 2022. Kwenye simu na benki tulikuwa na milioni moja na laki moja, nikajiona nimejipanga, nimetoka kuchangia harusi mbili na nimemnunulia mdogo wangu simu, afu mwenye nyumba akapiga kukumbusha kodi ya miezi sita, milioni moja na laki mbili. Hela yote ikaisha pale pale, likabaki pengo la laki moja, na mwezi bado una siku kumi na nane za kula, nauli na umeme. Nikaenda kwa hawa wa kausha damu nikachukua laki tatu, rejesho elfu kumi na tano kila siku kwa siku thelathini. Piga mwenyewe, ni laki nne na nusu. Laki moja na nusu ikaondoka ndani ya mwezi mmoja kwa sababu moja tu, sikujua kwamba ile milioni na laki haikuwa yangu. Ilikuwa kodi. Ilikuwa kodi tangu Juni, ilikuwa imelala kwangu tu.

Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote naomba ukamate hili, kuna hela yako na kuna hela inayolala kwako. Kazi yote iliyoko hapa chini ni kuzitenganisha hizo mbili, kila mwezi, kwa maandishi, bila kugeuza maisha yako kuwa ofisi ya uhasibu.

Hatua ya 1: chagua siku na chagua sehemu moja ya kuandika

Mwenye mshahara, nimeshasema, usiku kabla haujaingia. Kama mshahara wako hauna tarehe ya uhakika weka tarehe 24 au tarehe yoyote ila isibadilike. Kwa mwenye hela ya kila siku, mama lishe, machinga, dereva wa bajaji, fundi, chagua Jumapili ya kwanza ya mwezi jioni, baada ya kununua bidhaa za wiki, maana kabla ya kununua mtaji wote uko mkononi na utauhesabu kama faida.

Pa kuandikia, chukua kinachokufaa. Daftari la kaunta kwaya moja linatosha miaka mingi. Excel kwenye simu ni nzuri kama unaijua, kama huijui usianze kujifunza sasa, utamaliza mwezi mzima unapaka rangi visanduku na hesabu hujafanya. Mi natumia daftari afu ukurasa wa mwezi napiga picha, simu ikipotea daftari lipo, daftari likilowa picha ipo. Dakika thelathini kwa mwezi, mara ya kwanza labda saa moja na nusu kwa sababu utakuwa unatafuta namba za siri ulizosahau.

Hatua ya 2: andika kila ulichonacho, kwa bei ya kweli

Anza na vya karibu. Hela ya mfukoni, ya kwenye pochi, ya kwenye kopo au kibubu. Afu laini za simu, na hapa watu wa Dar tunajipunja kweli, mtu ana laini tatu na kwenye moja kuna elfu themanini amezisahau tangu Pasaka. Pita moja moja, M-Pesa *150*00#, Airtel Money *150*60#, Mixx by Yas ile ya zamani Tigo Pesa *150*01#, HaloPesa *150*88#. Andika salio, usikadirie. Benki vilevile.

Kikoba kina mtego wake. Unachomiliki kule ni hisa zako ulizonunua mpaka leo, basi. Sio mkopo unaoruhusiwa kuchukua wa mara tatu ya hisa, na sio faida mnayotegemea kugawana Desemba mkivunja, hiyo utaiandika siku mkononi imefika. Mfuko wa jamii nao usiuandike, ule ni wa misiba na uzazi wa wanakikundi wote. Kama mnatumia kikoba cha kwenye simu kama M-Koba ni rahisi kuona michango, kama ni cha daftari mwombe katibu akuonyeshe kitabu chako kila mwezi, na sio kwa kumshuku, ni kwa sababu makosa yanatokea na yanarekebishika mapema kuliko Desemba watu wakiwa wamekasirika.

Mwenye vipande vya UTT AMIS, ile kampuni ya serikali inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza pamoja, achukue idadi ya vipande vyake azidishe na thamani ya kipande ya siku hiyo, wanaitangaza kila siku ya kazi. Mwenye hisa za soko la Dar es Salaam, iwe CRDB, NMB, Vodacom au nyingine, ni hivyo hivyo, idadi mara bei ya kufungia soko, na bei ikishuka andika iliyoshuka, usiandike ile uliyonunulia kwa sababu inakuuma.

NSSF au PSSSF iandike pembeni, kwenye mstari wake, usiijumlishe na nyingine. Ni mali yako kweli, kwa sekta binafsi NSSF inapokea asilimia 20 ya mshahara wako, kawaida kumi yako na kumi ya mwajiri, lakini kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima 60, sasa kama una miaka 31 hiyo hela haitakulipia ada Januari. Ila omba taarifa ya michango angalau mara moja kwa mwaka. Ukikuta mwezi umekatwa kwenye salari slipu na kwenye taarifa haupo, hiyo ndo faida ya kuangalia, unalifuatilia ukiwa bado kazini na mwajiri bado yupo.

Kiwanja. Hapa naomba tuelewane. Andika bei uliyonunulia, sio anayokutajia dalali. Dalali wa Chanika au wa Bunju atakwambia cha milioni nne kimeshafika kumi na mbili, na inawezekana, lakini mpaka apatikane mtu mwenye milioni kumi na mbili taslimu hiyo ni habari tu. Zaidi ya hapo kiwanja kisichopimwa, chenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, ni tofauti na chenye hati, andika pembeni "hakijapimwa" ili usijidanganye. Na kama bado unalipia kwa awamu andika bei kamili upande huu, afu kilichobaki kitaenda upande wa madeni.

Bodaboda au bajaji ya mkataba usiiandike kabisa mpaka siku kadi imeingia mkononi kwa jina lako. Najua inauma, umelipa miezi kumi, lakini mikataba mingi ukishindwa kupeleka hesabu wiki kadhaa chombo kinarudi kwa mwenyewe na hulipwi kitu. Ikiingia siku hiyo itaruka kwenye hesabu yako na utafurahi kweli.

Gari au pikipiki yako mwenyewe, bei ambayo ungeipata wiki hii ukiwa na shida. Bidhaa za biashara, kwa bei uliyonunulia Kariakoo. Makochi, TV, friji, achana navyo. Na hela unazodai watu, andika zile tu ambazo ungekubali kuapa kwamba zitarudi, mi kuna laki nne watu wananidai, samahani, nawadai, na kwenye daftari nimeandika laki moja na nusu.

Hatua ya 3: madeni, na yale ambayo huyaiti madeni

Ya wazi kila mtu anayajua, mkopo wa benki, mkopo wa kikoba, bodi ya mikopo ambayo inakata asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe (ingia kwenye akaunti yako uone umebakiza kiasi gani, wengi wanakatwa miaka na hawajui), mikopo ya kwenye simu, advansi ya kazini, duka la mangi, kilichobaki kwenye kiwanja.

Yasiyo wazi ndo yanayotuangusha. Kodi ya nyumba kwa mji huu unalipa miezi sita kwa mpigo, wengine mwaka. Maana yake ni kwamba miezi mitano unajiona tajiri na wa sita unafilisika. Mi kila mwezi unaopita naandika sehemu moja ya sita ya kodi ijayo kama deni. Mhasibu atakwambia hilo sio deni bado, na kwa vitabu vyake yuko sahihi, ila mimi siandiki vitabu vya kampuni, naandika ili Desemba isinikute tena kama ya 2022. Ada ya shule hivyo hivyo, muhula unaanza Januari na mwingine Julai, igawe kwa miezi sita. Na michango uliyoahidi, ukishajiorodhesha kwenye kadi ya harusi au umeandika jina kwenye grupu la WhatsApp la sendofu, hiyo hela imeshatoka, iandike.

Hatua ya 4: toa

Nakupa hesabu ya nyumba yetu ya mwisho wa Agosti, nimezungusha namba kidogo tu. Tunakaa Tabata, mimi, mume wangu na mtoto mmoja anayesoma.

Tulichonacho:
Mkononi na kwenye kopo 46,000
Laini za simu 238,000
Benki 61,000
Vipande vya Mfuko wa Ukwasi, UTT 1,870,000
Hisa za kikoba 780,000
Tunazodai, za uhakika 150,000
Vitenge ninavyouza, bei ya kununulia 320,000
Kiwanja, bei ya kununulia 4,500,000
Jumla 7,965,000

Tunachodaiwa:
Mkopo wa kikoba uliobaki 600,000
Fungu la kodi, miezi mitatu kwa 200,000 600,000
Fungu la ada ya Januari, miezi miwili kwa 70,000 140,000
Ahadi ya harusi 100,000
Dukani 23,000
Kiwanja, awamu zilizobaki 700,000
Jumla 2,163,000

Toa, inabaki 5,802,000. Hiyo ndo thamani yetu halisi mwezi huo, NSSF iko pembeni.

Sasa usiishie hapo, maana kiwanja hakiliwi. Piga hesabu ya pili, chukua zile unazoweza kuzishika ndani ya wiki, kwetu ni za mkononi, simu, benki na UTT, jumla 2,215,000, afu toa yale ya karibu, fungu la kodi, fungu la ada, ahadi na duka, ambayo ni 863,000. Inabaki 1,352,000. Nyumba yetu inatumia kama 650,000 kwa mwezi ukiacha kodi na ada, gawanya, unapata miezi miwili na siku kadhaa. Mi naiita miezi ya kupumua. Kazi ikisimama leo tunapumua miezi miwili. Kwangu hiyo namba ina maana kuliko ile milioni tano na laki nane, na kama ungetaka kufuatilia namba moja tu maisha yako yote ningekwambia fuatilia hii.

Kama ya kwako imetoka hasi usifunge daftari. Ya kwetu ya kwanza Januari 2023 ilitoka hasi laki mbili na kidogo ukiondoa kiwanja, na nililala vizuri usiku ule kuliko wiki zilizotangulia, maana angalau nilijua nadaiwa nini na nani.

Hatua ya 5: matumizi ya kila siku, bila kujitesa

Hapa ndo wengi wanaachia. Wanaanza kuandika kila shilingi, siku ya tisa wamechoka. Njia ninayoona inadumu ni hii, fungua WhatsApp jitumie meseji mwenyewe, ukitoa hela unaandika pale pale, "dala 1200", "chai 2000", "LUKU 10000", "mama 30000". Huhitaji mpangilio, huhitaji jumla. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo au umekaa mwendokasi imejaa una muda wa maneno mawili. Za simu hata usiandike, meseji za miamala zinabaki, ila usizifute.

Na usifanye hivi mwaka mzima. Fanya wiki nne kamili, afu jumlisha kwa mafungu makubwa matano tu, chakula, usafiri, nyumba na umeme na maji, ndugu na michango, vingine. Ukishajua wastani wako acha kuandika, rudia tena wiki nne baada ya miezi sita au kitu kikibadilika, umehama, umepata mtoto, nauli zimepanda. Sisi tulikuta bodaboda za asubuhi kwa kuchelewa kuamka zinatula elfu sitini kwa mwezi. Na makato ya kutolea pesa, kutoa elfu kumi mara sita kunakula zaidi ya kutoa elfu sitini mara moja, sasa hivi natoa ya wiki kwa mara moja Jumatatu na sokoni nalipa kwa Lipa Namba wanapokubali.

Hatua ya 6: siku ya mshahara, saa ya kwanza

Mshahara ukiingia kabla sijajibu meseji ya mtu yeyote naondoa mafungu. Kodi laki mbili, ada elfu sabini, kikoba, kiwanja, akiba. Yanatoka kwenye laini ninayotumia kila siku yanaenda sehemu nyingine. Fungu la kodi na la ada nayaweka UTT pamoja na akiba na kwenye daftari najua kipi ni kipi, mwingine ataona rahisi kuwa na laini ya pili ambayo kadi yake iko kwenye simu ya batani kabatini. Chochote kinachokuwekea hatua mbili kati yako na hela kinasaidia.

Kwa wa hela ya kila siku, usingoje mwisho wa mwezi, kwako mwisho wa mwezi haupo. Gawanya kodi kwa siku. Laki na ishirini kwa mwezi ni elfu nne kwa siku, funga hesabu jioni, elfu nne itoke kwanza kabla ya kununua mboga. Siku mvua imenyesha na hujauza, usijilaumu, ila kesho yake kama imewezekana weka elfu sita. Na mtaji uwe na bahasha yake, nawaomba sana hasa akina dada wenye genge na mama lishe, mtaji unapoliwa haupigi kelele.

Kama una kausha damu au mkopo wa kwenye simu unaojirudia, akiba isubiri. Weka kidogo cha dharura, tuseme elfu hamsini, kingine chote kimalize lile deni. Ile yangu ilikuwa na riba ya asilimia 50 kwa mwezi mmoja, hakuna sehemu halali Tanzania hii utakayoweka hela ikakupa hivyo.

Hatua ya 7: pa kuilaza

Nitaenda haraka hapa maana kila mtu ana hali yake. Benki ni salama kwa kiasi hiki, Bodi ya Bima ya Amana inalinda mpaka 7,500,000 kwa kila mwenye amana kwenye kila benki, zamani ilikuwa 1,500,000. Ila akaunti ya kawaida haizai cha maana, na mfumuko wa bei wa karibu asilimia 3 kwa mwaka, kama ilivyokuwa 2024, unaila polepole.

Akiba ya dharura na mafungu mi naweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT, unaanza na 100,000 na kuongeza kuanzia 10,000, ukitaka kutoa haichukui siku nyingi, na zile siku mbili tatu za kusubiri zimenizuia kununua vitu vingi. Mfuko wa Hatifungani (hatifungani ni kukopesha serikali au kampuni kwa riba) unaanza na 50,000. Ukishakuwa na milioni unaweza kwenda moja kwa moja kwenye hatifungani za serikali za Benki Kuu kupitia benki au wakala, zipo za miaka 2 mpaka 25 na riba inaingia kila miezi sita, mtu mwingine anapanga hiyo riba iangukie kwenye miezi ya ada. Hisa zinapanda na kushuka, weka hela ambayo hutaihitaji miaka mitano.

Na mtu akikwambia weka laki upate laki mbili baada ya mwezi, hata kama ni mtu wa kanisani au msikitini kwenu, hata kama jirani ameshalipwa, usiweke. Wa umri wetu tunakumbuka upatu wa DECI mwaka 2009, waliolipwa mwanzo walilipwa kweli, kwa hela za waliokuja nyuma yao, mpaka serikali ikaifunga. Siku hizi zinakuja kwenye Telegram na jina lingine.

Hatua ya 8: ndugu, michango na raha

Hakuna hesabu ya Dar inayodumu kama haina fungu la watu. Kadi za harusi, kitchen party, kipaimara, maulidi, msiba wa jirani, shemeji amelazwa Muhimbili. Kusema "sichangii tena" ni kujidanganya na pia sio vizuri, siku ya kwako nani atakuja. Tulichofanya sisi tumepanga elfu themanini kwa mwezi kwa vyote hivyo. Misiba na ugonjwa vinakuja kwanza, sherehe zinagawana kilichobaki. Kadi ikija na fungu limeisha naandika hivi, "Dada hongera sana, mwezi huu nimebanwa, naomba mnipokelee elfu ishirini na nitakuja kusaidia kupika." Na naenda kweli kupika. Haijawahi kutokea mtu akanuna, na kama amenuna hajaniambia.

Mama kijijini ni tofauti, yeye hayuko kwenye fungu la michango, yeye ana mstari wake kama kodi. Ukimtumia kiasi kile kile kila mwezi tarehe ile ile, naye anapanga, na simu za ghafla zinapungua.

Raha iwe na namba yake. Sisi ni elfu arobaini, mara moja kwa mwezi tunavuka na pantoni tunaenda Kigamboni kukaa baharini na mtoto, au mihogo ya Coco jioni, na mume wangu akiwa na mechi ya Yanga kwa Mkapa basi mwezi huo ni wa mechi. Mwaka wa kwanza nilifuta kabisa hili fungu, nikaona ni upotevu, tukaishia kugombana na mwezi wa nne akiba tukaitoa tukaila yote kwa wikiendi moja. Sijalifuta tena.

Hatua ya 9: kuusoma mstari

Weka ukurasa wa nyuma wa daftari wenye safu tatu tu, mwezi, thamani halisi, miezi ya kupumua. Usiuchukulie mwezi mmoja kama hukumu. Januari itashuka, ada na sare na madaftari, na kama mlienda Moshi Krismasi itashuka zaidi. Mwezi wa sikukuu ya Idi vilevile. Linganisha Agosti na Agosti ya mwaka jana, hapo ndo utaona ukweli.

Maswali ninayojiuliza ni mawili. Kama imepanda, imepanda kwa sababu tumeweka au kwa sababu bei ya hisa imepanda yenyewe? Kama imeshuka, kimetoka kitu tulichokipanga au hatukijui? Tofauti isiyojulikana ikizidi elfu hamsini narudi kwenye meseji za miamala usiku ule ule, mara nyingi naipata, mara moja nilikuta nakatwa kila wiki huduma ya kwenye simu ambayo sikumbuki kujiunga, nikapiga huduma kwa wateja wakaitoa.

Thamani ikipanda huku miezi ya kupumua inashuka ujue unazika hela kwenye kiwanja na vitu kuliko uwezo wako. Imetutokea tulipoongeza awamu za kiwanja. Tulizungumza na muuzaji, akakubali tulipe kidogo kidogo kwa miezi minne zaidi.

Hatua ya 10: mtu wa pili ajue

Hii watu wanaikwepa na mimi ndo naipa uzito kuliko zote. Baba alipofariki tulijua ana akaunti moja. Baada ya karibu mwaka tukakuta karatasi ndani ya Biblia yake, kumbe kulikuwa na hisa, na kulikuwa na mtu anamdai. Mirathi tulikuwa tumeshaifungua mahakama ya mwanzo, msimamizi ameshateuliwa, tukaanza kurudi rudi na barua upya, mama akiwa na umri ule.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari letu hauna namba za fedha kabisa. Una orodha tu, benki ipi na tawi, laini zipi zimesajiliwa kwa jina la nani, namba ya uanachama NSSF, namba ya akaunti ya UTT, kikoba gani na simu ya katibu, karatasi za kiwanja ziko wapi na mashahidi ni akina nani, nani anatudai na nani tunamdai. Namba za siri haziandikwi humo. Kwenye kikoba na UTT nimehakikisha jina la mrithi limejazwa, maana fomu nyingi tunaruka hiyo sehemu tukiwa na haraka dirishani, kapige simu kesho uulize ya kwako kama imejazwa. Mume wangu anajua daftari lilipo, na dada yangu wa Morogoro ana picha ya huo ukurasa mmoja. Kila Desemba baada ya kuvunja kikoba tunakaa sote wawili mezani tunaupitia, kilichofungwa tunakata mstari, kipya tunaongeza, afu napiga picha nyingine namtumia.